Barua ya wazi: Mto Zigi uandikwe kwenye daftari

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, wasimamizi wa sheria ya mazingira nchini, Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Benki Kuu ya Tanzania, na uongozi wa Mkoa wa Tanga.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa Muheza, mezani pangu, mbele ya madaftari ya watu. Kazi yangu ni uhasibu. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikitengeneza hesabu za wafanyabiashara wa huku kwetu: wanunuzi wa iliki na pilipili manga wanaoshusha magunia kutoka Amani, wenye mashine za kukoboa, wenye nyumba za wageni, mashamba ya mkonge ya watu binafsi, na viwanda viwili vitatu. Mwaka ukikaribia kwisha huwa nakaa na mwenye mali tunaandika malengo ya mwaka unaofuata. Mauzo yafike wapi. Dizeli ipungue kiasi gani. Deni la benki libaki shilingi ngapi. Katika miaka yote hiyo sijaandika hata mara moja lengo linalohusu mto au msitu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Naandika kuomba hilo libadilike.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nilifundishwa siku ya kwanza kazini, na kila ninapovuka Zigi naikumbuka.

Kwa wasioujua, mto huu unatoka Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani. Unapita kwenye chai na viungo, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo ndiko Jiji la Tanga linakopata maji ya kunywa. Kwa hiyo jani la chai linalokaushwa kule juu, gunia la iliki linalopimwa hapa Muheza na bomba linalofunguliwa Ngamiani, jijini Tanga, vyote vinategemea miti ileile. Sehemu ya miti hiyo ililindwa mwaka 1997 ilipotangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hekta 8,380. Sehemu nyingine imo ndani au pembeni ya mashamba ya watu na kampuni, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu hatima yake inaamuliwa ofisini kwa mwenye biashara.

Waheshimiwa, niwaeleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mteja wangu mmoja, ambaye sitamtaja, aliniletea ankara ya miche ya kupanda Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Mwaka uliotangulia alikuwa ameniletea ankara ya namna hiyohiyo: idadi ileile, muuzaji yuleyule. Nikahisi ni ankara moja iliyowasilishwa mara mbili, na kazi yangu ni kuhakiki, nikaenda shambani. Ankara zilikuwa za kweli. Miche ilinunuliwa miaka yote miwili, na ilipandwa. Ila ile ya mwaka wa pili ilipandwa kwenye mashimo yaleyale ya mwaka wa kwanza. Pembeni ya mashimo kulikuwa na vijiti vikavu vya miche ya mwaka jana, vimelazwa kwenye majani, na vingine bado vina karatasi nyeusi ya plastiki kwenye mizizi. Hakuna aliyekuwa ameilinda na mbuzi wala kuimwagilia mvua za masika zilipokatika. Yule mzee hakuwa mwongo. Aliniambia kwa masikitiko, "Mwanangu, waliniambia nipande. Hawakuniambia ifike wapi."

Maneno hayo sijayasahau, maana yamebeba tatizo lote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamwambia mwenye biashara asichotakiwa kufanya. Inamtaka afanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa. Inamkataza kufanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, siiombei ifutwe. Lakini mtu anaweza kuheshimu kila kifungu chake na bado mto ukafa taratibu, kwa sababu hakuna mahali anapotakiwa kusema: mwaka huu mto ukitoka shambani kwangu uko hivi, na baada ya miaka mitatu nataka uwe hivi. Cheti cha mazingira kinapatikana, kinawekwa kwenye fremu, kinatundikwa nyuma ya kiti cha meneja. Baada ya hapo maafisa hufika siku ambayo jambo limeshaharibika, wakiwa na kitabu cha faini.

Nchi hii ina kumbukumbu chungu ya kujua kitu kikiwa kimeshachelewa. Chura wa Kihansi mnamjua wote. Hata bungeni ametajwa sana. Kiumbe mdogo wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimeta tatu, anazaa vitoto vilivyokamilika badala ya kutaga mayai, na duniani kote aliishi kwenye korongo moja tu la Udzungwa, katika manyunyu ya maporomoko. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Baadhi ya vyura walipelekwa Marekani mwaka huohuo kutunzwa. Kule korongoni vikawekwa vinyunyizio vya kutengeneza unyevu. Mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla, ugonjwa wa kuvu unaoua vyura nao ukiwemo, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliorudishwa kutoka Marekani walianza kuachiwa tena korongoni mwaka 2012. Umeme tuliuhitaji, nami silaumu waliojenga. Ninachosema ni kwamba kama swali la "nini kinaishi hapa na kinahitaji maji kiasi gani" lingeulizwa kabla ya kuchora ramani ya mradi, gharama yake ingekuwa mishahara ya wataalamu wachache kwa misimu michache. Lilipoulizwa baadaye, gharama ilikuwa ndege, maabara, vinyunyizio, na miaka kumi na kitu.

Amani nayo imejaa viumbe wa namna hiyo, wasiopatikana kwingine. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli huku kwetu, akazipeleka kwao. Wataalamu wakaliita ua hilo kwa jina la ukoo wake. Leo ua hilo linauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Amerika, na limetengenezewa aina zisizohesabika. Asili yake ni mwamba wenye unyevu chini ya mti. Mti ukikatwa, jua likaupiga mwamba, ua linakauka hata kama hakuna aliyeligusa. Sijui mfanyabiashara hata mmoja wa bondeni kwetu aliyewahi kuambiwa kwamba kwenye shamba lake huenda kuna mwamba kama huo.

Sasa nije kwenye lengo lenyewe, maana neno hili linatumika hovyo. Desemba 2022 mataifa yalikubaliana huko Montreal juu ya Mpango wa Kunming-Montreal wa kulinda bioanuwai, yaani aina zote za viumbe hai, wenye shabaha 23 za kufikiwa ifikapo 2030. Shabaha ya 15 inazitaka serikali ziwawezeshe wafanyabiashara, na kuhakikisha kampuni kubwa na mabenki yanapima na kutangaza jinsi yanavyotegemea viumbe hai na jinsi yanavyowaathiri. Tanzania imo katika mkataba wa kimataifa wa bioanuwai uliozaa mpango huo. Septemba 2023 ukatoka mwongozo wa TNFD, kikosi kazi cha kimataifa kuhusu taarifa za fedha zinazogusa mazingira asilia, wa kuzisaidia kampuni kufanya kazi hiyo. Nimeusoma kwa tabu, usiku kadhaa, kamusi ikiwa pembeni. Hatua yake ya kwanza inaeleweka hata na mkulima: anza na mahali. Taja mto wako, msitu wako, kipande chako cha bahari, kisha ndipo useme unakitegemea kwa nini na unakiumiza vipi. Nimefurahi kuiona, kwa sababu ni kinyume kabisa cha "tutapanda miti".

Nitoe mfano wa iliki, ninaouelewa vizuri. Iliki hupenda kivuli, hivyo hulimwa ndani ya msitu. Mkulima huacha miti mirefu na kufyeka ile midogo iliyo chini yake. Ukiwa barabarani unaona msitu umesimama. Lakini miche ya miti ya kesho haipo tena, na ardhi ikichoka baada ya miaka michache, mkulima husogea mbele kidogo. Mnunuzi wa Muheza hajakata hata mti mmoja, hivyo husema yeye hana kosa. Ukimsaidia kuandika lengo, litakuwa hivi: msimu huu nijue kila gunia limetoka kijiji gani na shamba la nani, msimu ujao nusu ya iliki yangu itoke kwenye mashamba ambayo mkulima ameacha miche ya asili ikue katikati ya mistari, mwaka wa tatu iwe yote, na nimlipe bei ya juu kidogo anayefanya hivyo. Hapo kuna mahali, kuna kipimo cha kuanzia, kuna mwaka, na kuna fedha iliyotengwa. Mimi mhasibu naweza kulikagua lengo hilo kwa stakabadhi. Lengo la kwamba "tunathamini mazingira" siwezi kulikagua, na asiyeweza kukaguliwa mwisho hujidanganya mwenyewe.

Wala si lazima biashara na msitu vigombane. Miti ya msambu ya huku kwetu ilikuwa ikihesabiwa mbao tu na wengi, mpaka miaka ya 2000 mbegu zake zilipoanza kununuliwa kwa ajili ya mafuta yanayotengenezea siagi ya mimea. Mti uliosimama ukaanza kuleta ada ya shule.

Kwenye mkonge hali ni nzito zaidi. Jani la mkonge linatoa singa, yaani nyuzi, kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Yaliyobaki ni maji makali na makapi, na kwa miongo mingi yamekuwa yakitoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, moja kwa moja hadi mtoni. Aliyewahi kusimama chini ya korona inayofanya kazi anaijua harufu hiyo. Maji yanakuwa ya kijani kibichi chenye weusi, povu linajikusanya kwenye mawe, na samaki wadogo wanakuja juu wakitafuta hewa, kwa sababu makapi yanapooza humaliza oksijeni yote ya majini. Wakati huohuo, Hale pale wilayani Korogwe kulishajengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa biogesi na umeme. Yaani dawa inajulikana, ipo mkoani kwetu, na imeonekana. Kinachokosekana kwa wenye korona ndogo ni mtu wa kukaa nao akawaambia: huwezi kujenga mtambo kama wa Hale mwaka huu, lakini unaweza kuchimba mabwawa mawili ya kutuliza maji kabla ya masika, mwakani ukapeleka makapi shambani kama mbolea, na mwaka wa tatu tuzungumze na benki kuhusu biogesi. Mpangilio wa namna hii wataalamu wanao: kwanza epuka madhara, usipoweza yapunguze, kisha rejesha ulichoharibu, na kufidia kwingine kuwe jambo la mwisho. Huku kwetu tumeanzia mwishoni. Mtu anachafua kijito, anapanda miche mahali pengine kabisa, anapigwa picha.

Sisi wahasibu tuna neno uchakavu. Mashine ikinunuliwa kwa milioni kumi, kila mwaka tunaipunguza thamani kitabuni ili mwenye mali asije akashtuka siku ikifa. Kijito kinachoiletea maji mashine hiyo hakina uchakavu kwenye kitabu chochote. Kikikauka, tunaandika "hasara ya kiangazi", kana kwamba ni mkosi.

Na msidhani ni hasara ya wenye viwanda peke yao. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilizindua hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, na wanunuzi walileta zaidi ya kilichoombwa. Niliona fahari kama mtu wa Tanga. Lakini fikirini fedha hiyo imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya Zigi kuendelea kuleta maji safi kwa miaka hiyo yote. Mto ukishuka na tope kwa sababu ya kingo zilizolimwa na uchimbaji wa dhahabu wa holela huko juu, mamlaka inalazimika kununua shabu zaidi ya kusafishia, na anayelipa ni mama anayenunua ndoo. Wakulima wa UWAMAKIZI, umoja wao wa kuhifadhi mazingira huko bondeni, wamekuwa wakitunza kingo za mito ya Kihuhwi na Zigi. Wameonyesha mfano. Sisi tunaopata faida kubwa zaidi ya mto tumekaa.

Basi ninachoomba ni hiki. La kwanza, na ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, toeni vipimo. Mamlaka ya maji lazima ipime tope la mto ili ijue itie shabu kiasi gani. Bodi ya Bonde inapima kina na wingi wa maji. Takwimu zipo, zimelipiwa na wananchi, zimekaa kwenye makabati. Zibandikeni kila mwezi kwenye ofisi za kata na kwenye mbao za matangazo za halmashauri, kijito kwa kijito, kwa Kiswahili. Hakuna biashara inayoweza kuweka lengo bila kujua inaanzia wapi, na kumtaka mwenye mashine ya kukoboa ajipimie mto mwenyewe ni kumwonea.

Pili, kila anayeomba au kuhuisha kibali cha kutumia maji aambatishe ukurasa mmoja tu wa malengo: mahali, hali ya sasa, hali anayoitaka, mwaka, na jina la mhusika. Ukurasa mmoja. Mkiufanya kuwa kurasa arobaini, utaandikwa na washauri wa Dar es Salaam na mwenye mali hatausoma. Kampuni kubwa zinazouza nje zibanwe zaidi, zitangaze hadharani kama shabaha ya 15 inavyotaka. Na miongozo hiyo ya kimataifa itafsiriwe, maana kwa Kiswahili sijawahi kuiona, na huku ndiko inakotakiwa kutumika.

Tatu, tupeni watu. Mkulima ana afisa ugani. Mfanyabiashara kwa jambo hili hana yeyote. SIDO, shirika la viwanda vidogo, lina ofisi mkoani, TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, ina wanachama, Amani ina wataalamu wanaojua kila mti kwa jina. Mkiwaunganisha hao, mkaweka hata maafisa wawili tu kwa bonde zima ambao kazi yao ni kusaidia, wasiwe na kitabu cha faini mkononi, milango itafunguliwa. Mimi nazijua ofisi hizi. Watu wanaficha kwa sababu anayegonga mlango siku zote amekuja kuadhibu.

Kwa Benki Kuu nina neno fupi. Mwaka 2022 mlitoa mwongozo wa mabenki kusimamia hatari za mabadiliko ya tabianchi. Fanyeni vivyo hivyo kwa bioanuwai na vyanzo vya maji. Mkopo wa kupanua kiwanda usitolewe bila swali kuhusu mto, na anayetimiza lengo lake apunguziwe riba. Wateja wangu watalisikia hilo haraka kuliko semina yoyote.

Nimalizie na hofu yangu, kwa sababu ni ya kweli. Malengo haya yanaweza kugeuzwa fimbo ya kumchapia mnyonge. Kampuni ikiahidi hekta kadhaa za msitu, njia rahisi ni kumsukuma mwanakijiji. Watu wa Derema, huku kwetu Usambara Mashariki, wanakumbuka. Ushoroba wa msitu wao ulipoingizwa kwenye hifadhi miaka ya 2000, zaidi ya wakulima 1,000 waliachia mashamba yao ya iliki na viungo, na suala la fidia likavuta miaka. Msitu ule ulistahili kulindwa, nakubali, unaunganisha misitu iliyokuwa imekatika. Lakini nimekaa na wazee waliokuwa na iliki pale, na nimeona mtu mzima akinyamaza katikati ya sentensi akiangalia mlima. Kwa hiyo iandikwe kabisa kwenye kanuni: hekta yoyote ambayo biashara inajihesabia imeilinda au imeirejesha, iambatane na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji husika, wenye sahihi, na malipo yaliyokubaliwa yawe yameshafika mikononi mwa watu kabla hekta haijahesabiwa. Muhtasari ninaweza kuukagua. Malipo pia.

Anzeni na bonde hili moja. Ni dogo, mto wake unajulikana mwanzo na mwisho, jiji linaloutegemea lipo, fedha za watu zimeshawekwa juu yake. Mimi nimeshaongea na wateja wangu kumi na wanne. Tisa wamekubali kuandika ukurasa wao wa malengo mwaka huu hata kabla hamjawaamuru, akiwemo yule mzee wa mashimo. Yeye ameanza kwa kuweka uzio. Wote wananiuliza swali moja: tope la kijito chao ni kiasi gani sasa hivi, waandike namba gani kwenye mstari wa kwanza? Namba hiyo mnayo ninyi. Naomba mtupatie kabla ya masika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhasibu, Muheza